Kubadilisha Pinyo Mbele ya Mama Mkwe

Pikipiki yangu si ya Bunia. Najua, sihitaji kuambiwa tena. Ni ile aina ya mbio, kifua kipana na usukani wa chini, inayomlazimisha mtu alale juu ya tangi kama anaumwa na tumbo. Ilitengenezwa kwa ajili ya lami ambayo huku kwetu tunaiona zaidi kwenye simu. Niliinunua ikiwa imeshazeeka, kwa mfanyabiashara aliyeivusha kutoka Uganda kisha akagundua kwamba mashimo yetu hayana adabu. Vijana wa teksi wakiniona nakwepa madimbwi hunipigia kelele: "Ndege inatembea na miguu!" Mimi huwajibu kwa honi. Mke wangu huiita mke mwenza, na akiwa na hasira huiita kwa majina mengine.

Msimu wa mvua uliopita, pinyo ya mbele ilikwisha. Namaanisha lile gurudumu dogo la meno linalotoka kwenye injini na kuvuta cheni. Meno yalikuwa yamelika mpaka yakapinda kama ndoana, na kila nilipopanda kwenda kazini, kwenye maabara ya kituo cha afya huko Mudzipela, cheni iliruka kra-kra-kra na watu wakageuka kuangalia nani anavunja nini. Mafundi wetu ni hodari wa pikipiki ndogo za teksi, lakini pinyo ya ukubwa huo hawana. Mama mmoja anayefuata nguo Kampala aliniletea mpya, kaifunga ndani ya blauzi za kuuza. Niliagiza yenye jino moja pungufu, ili pikipiki ipunguze mbio na iongeze nguvu ya kuvuta. Mbio zenyewe ningezipeleka wapi?

Pinyo ilikaa juu ya kabati kwa muda, kwa sababu siku hizo nyumbani hapakuwa na amani ya kushika kazi. Mama mkwe wangu alikuwa anataka kuondoka.

Alikuja kwetu Nyakasanza kutoka upande wa Fataki, baada ya watu wa kijiji chake kukimbia mapigano. Alifika na beseni, mkeka na kanga mbili, na hakuwa na mume, baba mkwe alishafariki zamani kwa ugonjwa. Tulimpa chumba cha mtoto wetu, ambaye yuko masomoni Kisangani. Mpaka hapo kila kitu ni sawa. Mama wa mtu akikimbia, anakimbilia kwa mtoto wake, na kama mtoto wake ni binti, anakimbilia kwa mkwe. Ndipo tatizo linapoanza.

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, hawatazamani usoni, na hawazungumzi ana kwa ana. Si chuki. Ni heshima, tena ya juu, na kijijini ilikuwa rahisi, maana kila mtu alikuwa na boma lake, na kati ya boma na boma kulikuwa na shamba la mahindi. Wazee wanaweza kuilegeza: pana mbuzi, pana maneno ya kusema, pana mashahidi wa pande zote mbili. Lakini wazee wa upande wake wametawanyika, wengine Bunia hapa, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine kaburini. Mbuzi mmoja hawezi kuwarudisha.

Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, vyumba viwili na sebule katikati. Chumba chake kilitokea sebuleni, hakikuwa na njia nyingine. Kwa hiyo tuliishi kwa kukohoa. Nikirudi kazini nilikohoa tangu kwenye ua, ili apate muda wa kuingia chumbani. Akitaka kutoka kwenda jikoni au msalani, alikohoa yeye, nami nikachukua kikombe changu nikaenda kukaa nje. Nilifanya hivyo bila kunung'unika hata mara moja. Nilijisifu kimoyomoyo, na wakati mwingine nilijisifu kwa sauti, mke wangu asikie.

Halafu jioni moja mke wangu alitoka chumbani kwa mama yake macho mekundu. Mama alikuwa amesema anakwenda kukaa kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni mwa mji. Jumamosi, salongo, ile kazi ya usafi wa mji, ikiisha, kaka yake mke wangu angekuja kumchukua na mzigo wake.

"Ni mambo ya ukwe," mke wangu alisema. "Anasema haifai. Nimebembeleza mpaka mudomo imechoka. Sema naye weye."

"Niseme naye namna gani? Hatakiwi kunisikia."

"Basi atakwenda," akasema, akaanza tena kulia.

Mimi nilikuwa nataka abaki. Nasema wazi, kwa sababu watu hudhani mwanaume hushukuru mama mkwe akifunga mzigo. Nyumba ilikuwa imepata sauti ya mtu anayetwanga asubuhi. Mke wangu alikuwa ameanza kulala usingizi wa kweli, baada ya miezi ya kushtuka kila simu ikilia. Na kambi ninaijua. Damu na choo cha watu wa kule vinakuja kwenye maabara yangu, navichungulia kwa darubini, najua maji yao yana nini. Mama wa umri ule akilala chini ya turubai mvua ikinyesha, sikuhitaji darubini kujua mwisho wake.

Jumamosi asubuhi Bunia ni salongo. Maduka yanafungwa, magaraji yanafungwa, na kila nyumba inatoa mtu wa kufagia njia na kuzibua mifereji. Mke wangu alichukua jembe. Mimi nilisema mgongo unauma. Aliniangalia, akaangalia pinyo niliyokuwa nimeishika mkononi, akaenda zake. Ukweli ni kwamba nilitaka kitu cha kufanya kwa mikono, nisifikirie saa ya shemeji kufika.

Niliiegemeza pikipiki kwenye mguu wake wa pembeni, uani, nikaanza vizuri. Nilitoa mkono wa gia, nikafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na tope la grisi na vumbi la barabara zetu zote, jeusi, zito kama ugali wa muhogo. Nililikwangua kwa kijiko kibovu mpaka pinyo ikaonekana. Kisha nikafanya kosa ambalo mtu yeyote wa hapa angelifanya: nilifungua klipu ya cheni nikaivuta cheni yote nje.

Kwenye pikipiki za teksi, ambazo sote tumejifunzia, ndivyo inavyofanywa. Pinyo yake imeshikwa na kibati chenye skrubu mbili ndogo. Unatoa cheni, unafungua skrubu, unachomoa, umemaliza kabla chai haijapoa. Hii ya kwangu imeshikwa na nati moja, kubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa, iliyokazwa na watu wenye mikono ya chuma, na chini yake kuna kibati kilichokunjwa ubavuni ili isifunguke yenyewe. Kibati nilikikunjua kwa patasi. Lakini nati, nilipoivuta, ilizunguka pamoja na pinyo na injini nzima, ikikohoa. Bila cheni hapakuwa na kitu cha kuizuia. Cheni ndiyo inayofunga pinyo kwenye gurudumu la nyuma, na gurudumu la nyuma ndilo lenye breki.

Nikarudisha cheni, nikijitukana. Breki ya nyuma ni ya mguu, iko upande wa kulia. Nati iko kushoto. Mimi nina miguu miwili tu, na yote ilikuwa upande mmoja. Nilifunga pedali kwa ukanda wa tyubu ya zamani, ukavutika kama unanicheka. Nilipitisha mti kwenye gurudumu, mti ukavunjika. Mwishowe nilichomeka bomba refu kwenye spana, nikasimama juu yake kwa uzito wangu wote. Nati haikufunguka. Pikipiki ndiyo iliyosogea mbele, mguu wake ukaanza kukunjika, nami nikaidaka kwa kifua, nikabaki nimeikumbatia, nimeinama, siwezi kuiacha wala kuinyanyua.

Nyuma yangu, upande wa jikoni, kinu cha mama mkwe kilinyamaza.

Alikuja kwa pembeni, kanga imefunika kichwa na nusu ya uso. Sikumtazama, niliona miguu yake tu. Alizunguka akaenda upande wa pili, akashika kiti cha pikipiki akakivuta, na pikipiki ikarudi kusimama. Tukawa hivyo: yeye kule, mimi huku, pikipiki katikati. Nilidhani angeondoka. Hakuondoka. Alisafisha koo, akasema kwa ukali kidogo:

"Weye moto. Unatafuta kuua muntu?"

Nilielewa mara moja. Hakuwa ananisemesha mimi, alikuwa anaisemesha pikipiki, ambayo kwetu huitwa moto. Kijijini wakwe wakibanwa na shida husema na kuku, au na mtoto anayetambaa, na mwenye kuambiwa husikia. Sisi hatukuwa na kuku.

"Moto," nikasema, nikiangalia tangi, "ambia mama ekru, hii nati, inakatala. Inaomba mutu akanyage fre, hii breki ya mguu, akanyage sana."

Nilisikia kandambili zikivuliwa.

"Moto, ambia ye nilishikaka ngombe za kukatala kushinda weye. Aseme tu wakati."

Aliweka mguu kwenye pedali, akaegemeza nyonga kwenye kiti, akageuza uso kwenye ua wa jirani. Nilipanga spana, bomba likielekea mbele.

"Sasa," nikasema. Nikapanda juu ya bomba.

Kwanza hapakutokea kitu. Mama mkwe aliguna, gurudumu halikusogea hata nywele. Kisha nati ikasema ka! kwa sauti kavu, bomba likashuka, na mimi nikashuka nalo mpaka kwenye tope la grisi, nikakaa. Upande wa pili nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu afike kwangu. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa kujizuia, kanga mdomoni, lakini kanga haikutosha.

Nilichomoa pinyo ya zamani, nikapangusa mhimili wake, nikavisha mpya. Kazi hiyo haikuhitaji breki, na angeweza kurudi kwenye kinu chake. Alibaki amesimama. Labda alijua kwamba nati ikikazwa atahitajika tena. Nilikuwa nikipaka grisi polepole kuliko inavyostahili. Salongo ilikuwa inakaribia kwisha, majembe yalikuwa yanasikika yakirudi njiani. Nikapiga moyo konde.

"Moto, uliza mama. Anaenda juu ya nini, sababu gani?"

Alijifunga kanga upya kichwani.

"Moto, ambia ye asizani ni chakula. Nakula muzuri. Asizani ni bibi yake, mutoto yangu haina mubaya. Na ye mwenyewe haina mubaya." Akapangusa vumbi kwenye kiti cha pikipiki. "Ni mulango."

"Mulango gani?" nikauliza.

Nilisahau kusema moto. Hakujibu. Aliangalia ua wa jirani kana kwamba upepo ndio uliopita. Ikabidi nirudie: "Moto, uliza mama, mulango gani?"

"Mu ile nyumba haina mulango yangu," akasema. "Nikitaka kutoka, ye atoke kwanza. Nikitaka kuingia, ye atoke. Ile siku ya mvua alikunywa chai inje, mvua inaanguka mu kikombe, na mi niko ndani nasikia. Muntu anafukuzwa mu kiti yake juu yangu. Kule kambi iko hema tu, najua. Lakini hema iko na mulango, na ni mi nafungula."

Ile chai ya mvua ndiyo niliyokuwa najisifia kuliko zote. Nilimsimulia hata mwenzangu wa maabara. Kumbe upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu ameketi juu ya mkeka, kila tone linamwambia wewe ni mzigo. Niliona haya mpaka masikioni, na nilishukuru kwamba mila ilimkataza kuniangalia.

"Moto," nikasema mwishowe, "ambia mama akanyage tena. Tunakaza."

Akakanyaga. Nikakaza nati, safari hii bomba likielekea nyuma, mpaka spana ikalia. Nikakunja kibati ubavuni mwa nati kwa nyundo, nikazungusha gurudumu. Cheni ilipita juu ya meno mapya kimya, bila kuruka. Nilimsikia akivaa kandambili. Aliingia ndani, na sikusikia kinu tena. Nilijua anafunga mzigo.

Kifuniko sikukirudisha. Niliacha skrubu kwenye sahani, nikachukua mtaimbo, nikazunguka hadi ukuta wa nyuma, ule wa chumba chake. Nilipima kwa macho, nikaanza kutoboa.

Ukuta wa matofali mabichi hautaki nguvu nyingi, unataka uvumilivu, nami uvumilivu sikuwa nao. Tofali la kwanza lilitoka zima. La pili lilimwaga vumbi lote usoni. Nilikuwa nimefikia usawa wa kiuno mke wangu aliporudi, jembe begani, tope mpaka magotini. Alisimama akaniangalia. Ndani ya tundu mama yake alikuwa ameketi juu ya mzigo uliofungwa, ametupa mgongo, vumbi limemjaa kanga.

"Ile mugongo inauma," mke wangu akasema, "imepona?"

"Imepona."

"Na nyumba yangu inakufa?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote kwa maneno machache, mlango, chai, mvua. Aliweka jembe chini, akaanza kuokota matofali mazima na kuyapanga pembeni, yasivunjike. Alikuwa analia tena, ila sasa alikuwa akifanya kazi.

Shemeji alifika na pikipiki ya kukodi. Mwenye pikipiki akakaa juu yake njiani, injini inaunguruma, akingojea abiria. Shemeji alichungulia tundu, akamwona mama yake upande wa pili, akaniuliza kama nimeweka ubao wa juu. Sikuwa nimeweka.

"Ukuta itaanguka juu ya mama," akasema. "Weye na ile moto yako muko sawa, mbio tu." Akavua shati. Tulitafuta boriti iliyobaki kwenye paa la jiko, tukaipachika, tukaendelea kushusha tundu mpaka chini. Njiani yule kijana alipiga honi. Alipiga tena.

Mama mkwe alisimama. Alikuja mpaka kwenye uwazi, akiwa bado ndani, na akasema na mtoto wake wa kiume, ambaye anaruhusiwa kusema naye kama anavyopenda.

"Hii mulango isifungukie ku dirisha ya chumba yao," akasema. "Ifungukie kule, ku migomba. Na ule kijana wa moto, mwambieni aende. Anachoma mafuta ya bure."

Shemeji alikwenda kumwambia. Mke wangu aliketi palepale juu ya matofali. Mimi nilirudi nyuma ya migomba kujifanya natafuta mtaimbo, ingawa ulikuwa mkononi mwangu.

Ubao wa mlango fundi seremala aliuleta wiki iliyofuata. Siku hiyo ya kwanza tulitundika kitenge tu, na vumbi lilikuwa bado halijafagiliwa. Jioni niliingia ndani bila kukohoa. Niliketi sebuleni, kwenye kiti changu, na mke wangu akaweka chai mezani. Mlango wa chumba cha mama, ule wa zamani unaotokea sebuleni, ulikuwa umefungwa kwa ndani, na nilisikia komeo likijaribiwa mara mbili.

Kisha kitenge cha nyuma kikasogezwa. Nyayo zikapita kando ya ukuta, taratibu, za mtu asiye na haraka, zikazunguka pembe ya nyumba, zikasimama mbele ya mlango wetu mkubwa.

"Hodi," akasema.

Hodi huambiwa nyumba, haiambiwi mtu, kwa hiyo hakuna mila iliyovunjwa. Mke wangu alinitazama. Mwenye nyumba nilikuwa mimi.

"Karibu, mama," nikasema, nikiangalia kikombe.

Aliingia, kanga imefunika nusu ya uso, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akageukia ukutani. Mimi niligeukia ukuta wa pili. Mke wangu katikati akatuangalia, akaanza kucheka mpaka akamwaga sukari. Alimpa mama yake chai. Mama aliinywa polepole, akauliza habari za mjukuu wake Kisangani, akajibiwa, akaweka kikombe chini. Akasema asante ya chai, akasema kumeanza kuwa giza, akatuaga kama mgeni yeyote anavyoaga, akaenda kwake.